Kopo la Duke's lililoishia kichwani

Jamani, najua shoga yangu kashawarushia ile sauti. Anadai nilitoka saluni mbio na mfuko wa nailoni kichwani mpaka Barabara ya 12 hapa Tanga, paka wananifuata. Muongo. Sikukimbia, nilitembea haraka, na paka alikuwa mmoja tu. Mengine ni kweli, ila hajui kusimulia, kwa hiyo nipisheni.

Chanzo ni kaka yangu wa Greenville, South Carolina. Huko ndiko ilikozaliwa mayonezi ya Duke's: mwaka 1917 mama mmoja, Eugenia Duke, alikuwa akiwauzia sandwichi askari wa Camp Sevier, mayonezi yake ikawapagawisha. Watu wa Kusini mwa Marekani ukiwawekea nyingine mezani wanakutazama kama umewatukana. Fahari yao ni kwamba haitiwi sukari. Sasa wifi yangu ni wa California, kakulia mayonezi ya Best Foods. Huko kwa mumewe Best Foods haiuzwi, inauzwa Hellmann's, na kampuni ni ileile: Best Foods waliinunua Hellmann's mwaka 1932 wakaacha majina yote mawili, magharibi ya milima ya Rockies lao, mashariki lile jingine. Wifi analijua hilo na bado ananuna kila akienda dukani. Friji moja, makopo mawili, ugomvi kila Jumapili.

Nikateuliwa hakimu. Mimi, ambaye kwa muuza chips wa Ngamiani nakula chochote kinachominywa! Kaka akampa mgeni kopo aniletee, nionje na mihogo, nitoe hukumu. Nikalipokea jana stendi ya Kange, na kwa kuwa leo nina shughuli, nikapitia saluni (siitaji, msinitafutie kesi).

Pale saluni kuna makopo ya mayonezi ya nywele, ile dawa ya nywele zinazokatika. Msusi akachungulia kikapu changu. "Anti, umekuja na mayonezi yako?"

Simu iko sikioni, kaka anauliza kama mzigo umefika salama. Nikawajibu wote wawili kwa mkupuo: "Ndiyo, hii hapa, Duke's yenyewe, kutoka Marekani!" Tena kwa maringo. Nikafumba macho.

Nikasikia kifuniko kinazungushwa. Kisha kitu cha baridi kikatua utosini, nikasema ahsante. Wallahi nilisema ahsante. Msusi akanusa vidole: "Mbona kama siki?" Shoga yangu, anayesukwa kiti cha pili, akadakia: "Ndiyo nguvu hiyo, mwenzangu, vitu vya mbele." Huyohuyo anayewatumia sauti leo. Basi nikagawanywa mafungu, nikapakwa fungu kwa fungu kuanzia mzizi hadi ncha, nikavishwa mfuko, nikaingizwa kwenye mashine ya mvuke.

Joto likapanda. Mayonezi ni mafuta, mayai na siki. Wapishi mlio humu mnajua mayai yakikutana na joto inakuwaje. Mteja mmoja akasimama mlangoni, akavuta pumzi: "Nyie mnapika chipsi mayai humu ndani?" Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Paka akaingia, akawapita watu wote, akaketi mbele yangu na kuniangalia utosini.

Hapo nikafumbua macho, nikatazama kwenye kioo. Nyuma yangu, kati ya jeli na chanuo, limekaa kopo la kifuniko cha njano. Kifuniko hakipo. Mayonezi imebaki nusu.

Sauti haikutoka. Mafuta yalikuwa yameshajitenga, yanateremka taratibu: paji la uso, katikati ya nyusi, pua. Kaka bado yuko hewani: "Vipi, umeshaonja?" Tone likafika mdomoni, ulimi ukalifuata wenyewe.

Nikamwambia, "Kaka, ni tamu. Haina sukari kabisa."

Msusi ndipo akapiga yowe. Nikaoshwa kwa shampuu, kwa limau, kwa sabuni ya vyombo, na hela ya stimingi nikalipa kamili, maana nguvu za kugombana sikuwa nazo. Kaka kaapa kuleta kopo jingine. Wifi kaandika kwamba hatimaye Duke's imepata kazi inayoiweza. Na kwenye shughuli leo nakwenda na mtandio, atakayeniuliza kwa nini sijafungua nywele tutagombana.

Ile nusu iliyobaki, yenye alama za vidole vya msusi, niliificha nyuma ya mtindi ili niitupe asubuhi. Nimeamka nimekuta baba watoto keshaimaliza na mihogo. Kasifia mno. Anasema ina kaharufu fulani hivi ka kifahari.