Diamox Kilimanjaro: dawa haifidii siku

Waongozaji wa Kilimanjaro hawajamaliza ubishi huu: mgeni ameze Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, au auachie mwili ufanye kazi yake? Wanaoipinga wanasema kinga ya mlima ni pole pole, na kwamba dawa humficha mgonjwa mpaka hali iwe mbaya. Kuhusu dawa yenyewe, mimi nasimama na wanaoitetea. Kuhusu inavyotumiwa mlimani, hapana.

Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, kama ilivyo Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Oksijeni huvuka kutoka vifuko vya mapafu kuingia kwenye damu kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa zaidi upande wa mapafu. Tofauti hiyo ikipungua, damu inapata kidogo. Mwili hujibu kwa kuhema haraka. Lakini ukihema sana unapoteza kabonidioksaidi nyingi, asidi ya damu inashuka, na ubongo, ambao kwa kawaida huongoza pumzi kwa kufuata kabonidioksaidi, unaamuru upunguze. Usiku hemani utasikia mwenzako anahema mfululizo, ananyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi ndefu. Figo ndizo zinazorekebisha mambo, kwa kutoa bikaboneti, kitu kinachopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Diamox, yaani asetazolamidi, huzifanya figo ziitoe bikaboneti hiyo mapema. Ndiyo maana unakojoa mara kwa mara, vidole vinawasha kwa ganzi na soda inapoteza ladha. Basi haifichi kitu. Inaharakisha kile ambacho mwili ungekifanya wenyewe. Atakayeugua licha ya kuimeza, kichwa kitamuuma na atatapika kama wengine. Hofu ya kuficha inaifaa zaidi deksamethasoni, dawa nyingine ya ugonjwa huu: hiyo hutuliza dalili bila kuusaidia mwili kuzoea, na ukiiacha ukiwa juu dalili zinaweza kurudi kwa nguvu.

Tatizo liko kwenye ratiba. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, kituo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kwa safari ya siku tano unaruka mita elfu moja mara mbili mfululizo, halafu usiku wa manane unaamshwa kwenda kileleni. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo siku tano ni nafuu, na mgeni ana likizo fupi. Hilo naelewa. Ila kidonge cha miligramu 125 asubuhi na jioni hupunguza hatari tu. Maji yakijaa mapafuni au ubongo ukivimba, tiba ya kwanza ni kushuka. Mpagazi naye, hata akiwa mzaliwa wa Moshi, huweza kuugua akipandishwa haraka, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kama kichwa kinamuuma.

Ningefuta safari ya siku tano kwenye orodha za bei za Marangu, usiku wa pili Horombo uwe wa lazima. Anayetaka Diamox aandikiwe na daktari kabla hajafika getini, kwa kuwa ni jamii ya salfa na wapo watu inayowadhuru.