Simba na Yanga Rangi ya Jivu

Yuko mtu, huko viwandani, aliyeandika ubavuni mwa boksi la risiva ya homu thieta kwamba chombo hicho huunganisha vyombo vyote vya sebuleni na kumaliza adha ya nyaya. Mtu huyo namwalika Tanga kwa heshima zote, nauli yake juu yangu, afike Ngamiani, azunguke nyuma ya kabati langu la televisheni, akaone adha ilivyomalizika. Paka wa nyumba aliingia huko baada ya alasiri, na hadi maghribi inaadhiniwa alikuwa bado anatafuta pa kutokea.

Si kwamba ninavyo vyombo vya kifahari. Ninacho king'amuzi cha mwaka 2013, mwaka ambao Tanga tulizimiwa analojia tukaachiwa chenga, nacho hutoa picha kwa ule waya wa njano na sauti kwa mweupe na mwekundu. Ninayo deki ya DVD inayotoa picha kwa nyaya tatu, kijani, buluu na nyekundu, ambazo hazibebi sauti hata chembe, kwa hiyo sauti nayo inadai nyaya zake. Kijana wangu naye ana chombo cha gemu kinachotumia HDMI, picha na sauti pamoja, na hatuachi kukumbushwa jambo hilo.

Risiva imevipokea vyote. Kupokea inajua. Kinachonitoa jasho ni kutoa, maana risiva ya umri huu haigeuzi picha; kila mgeni inamtolea mlango ule ule alioingilia. Picha ya njano hutoka kwenye tundu la njano, ya nyaya tatu kwenye matundu matatu, ya HDMI kwenye HDMI, ilhali sauti zote hukutana kwenye spika bila ubaguzi. Ukipeleka kwenye televisheni waya mmoja wa HDMI kama boksi linavyoahidi, utaisikia taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho na mtangazaji humuoni. Ziko risiva zinazogeuza njano kuwa HDMI, lakini hizo hukaa rafu ya juu dukani pamoja na bei zake.

Mama watoto akaona aibu itatukuta siku ya Simba na Yanga, majirani wameshaalikwa, akamwita fundi.

Fundi alifika na bisibisi moja, akaamkia vizuri, akanywa chai, kisha akaitazama risiva kwa muda mrefu kama mtu anayesoma wasia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuchomeka waya wa njano kwenye tundu jeupe, na picha ilipoingia mahali pa sauti, spika zote zikanguruma kwa mkupuo, bibi akatoka chumbani amejigubika kanga kichwani, akituamuru tufunge madirisha kwa sababu nyuki wameingia. Fundi akachomoa nyaya za spika zote, akasema anaipumzisha risiva. Kazi yake ya pili ilikuwa kuuchukua waya ule ule wa njano na kuutia kwenye tundu la kijani, kwa hoja kwamba tundu ni tundu, na tundu la kijani la upande wa pili akaliunganisha na televisheni. Picha ikaja. Ilikuja safi, tulivu, na nyeusi na nyeupe.

Mechi ikaanza bila sauti, na uwanjani wakawamo watu ishirini na wawili wa kijivu. Wa Simba wekundu walikuwa kijivu, wa Yanga wa kijani walikuwa kijivu, na mwamuzi mwenyewe tulimtambua kwa sababu mpira alikuwa anaukwepa. Bao lilipofungwa, mkeka mzima uliruka. Mashabiki wa pande zote mbili walikumbatiana, wengine wakapeana mikono kwa machozi, mpaka mmoja akauliza kwa sauti ya chini aliyefunga ni nani, na hapo ndipo watu walipoachiana.

"Fundi, rangi ziko wapi?" nikauliza, bado nikiwa na adabu zangu.

"Mzee wangu, si picha mmeipata? Rangi ni mapambo."

Nikamweleza taratibu kwamba tundu la kijani husoma mwanga na kiza tu, kwamba rangi huingilia kwenye buluu na nyekundu, na kwamba waya wa njano huvibeba vyote pamoja, kwa hiyo ukiutia kwenye kijani utapata mwanga na rangi utaziacha njiani. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho. "Mzee umesoma," akasema, "mimi nafunga tu."

Mzee wa Kipemba wa nyumba ya pili hakuweza kuvumilia. Alisimama, akakunja msuli wake, akatangaza kwamba Zanzibar ilipoanzisha televisheni miaka ya 1970 ilianza na rangi moja kwa moja, wakati huo sisi wa bara hatuna hata kioo cha kutazamia, na leo amevuka maji yote yale ili arudishwe nyuma ya alikotoka. Akaondoka na kiti chake. Habari ya aliyefunga tuliipata dirishani, kwenye redio ya jirani, na mapumziko hayajafika fundi alikuwa ananidai fedha ya usumbufu. Usumbufu! Wa nani?

Sasa zimefungwa nyaya za aina zote tatu kutoka risiva hadi televisheni, na picha zipo, na rangi zipo. Lakini kila ukihama chombo, unabadilisha kwenye risiva, kisha unabadilisha na kwenye televisheni, kwa rimoti tofauti. King'amuzi kiko kwenye kitufe kilichoandikwa DVD, deki iko kwenye kilichoandikwa GAME, na gemu tumeisahau iko wapi. Kijana akiwasha gemu yake, televisheni inamfuata yenyewe kwa ule ujuzi wa HDMI wa kuamshana, hata kama watu wazima wako katikati ya habari. Shemeji alituletea kisanduku kipya cha picha za 4K, kikaikataa risiva kwa kuwa haina HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia picha zisinakiliwe, kimepewa tundu la televisheni moja kwa moja, na sauti yake hurudi kwenye risiva kwa waya wa optiko, waya mwingine huo.

Shemeji huyo huyo ananishauri ninunue kibadilishi, kidude cha kugeuza njano kuwa HDMI. Sikatai. Ila kidude chenyewe kinataka umeme wake, ekstensheni imejaa, na soketi iliyobaki ni ya friji la barafu za mama watoto. Nilimwomba aniazime kwa dakika tisini tu za mpira, nikamweleza na sababu za kitaalamu, mbele ya wateja wake waliokuja na ndoo.

"Baba watoto," akasema, "barafu inalipa ada. Hiyo njano yako inalipa nini?"

Nimeomba tena, safari hii kwa usiku tu, barafu zikishaganda. Sijajibiwa.