Mjusi wa Tendaguru tunamdai, nyimbo je?

Kaa kijiwe chochote cha kahawa Lindi mjini, mazungumzo hayakawii kumfikia mjusi, yule dinosa wa kilima cha Tendaguru. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani mpaka pwani, na leo mjusi wetu amesimama jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Arudishwe, tulipwe, tujengewe makumbusho: hoja imefika mpaka bungeni.

Sina ugomvi nayo. Ila kuna mzigo mwingine uliotangulia kuondoka huku Kusini, na huo sijasikia mtu akiudai. Mwaka 1906, moto wa Majimaji haujapoa vizuri, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitokea Lindi, akapita Masasi, akapanda mpaka Newala. Alikuwa na fonografu, mashine ya zamani ya kunasa sauti, akanasa nyimbo za watu kwenye silinda za nta. Nyingine ni za wapagazi wake wa Kinyamwezi, kwa hiyo Tabora nao wana chao humo. Sauti hizo zimehifadhiwa Berlin, mji uleule alipo mjusi.

Mjusi akirudi anataka meli, jumba kubwa na wataalamu wa kumtunza. Wimbo unataka nakala tu, na nakala inaenea kwenye flashi ya kuning'iniza shingoni. Hata wakibaki na silinda zao, sisi tungesikia.

Tatizo ni zikishafika. Tukiziweka kabatini Dar es Salaam tutakuwa tumezihamisha kabati tu. Mimi ningetaka zije Newala na Masasi kwanza, wakae nazo manju, yaani watunzi na viongozi wa nyimbo za ngoma, makungwi na wazee wa jando, wasikilize kabla ya redio kupiga hata moja. Anayejua mambo ya huku ananielewa. Nyimbo za unyago si za kila sikio. Zipo ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia, na za jando ambazo mama mzazi wa mwali hazimhusu. Wenzetu wa "tuhifadhi utamaduni" wanakuja na kamera, wanarekodi kila kitu, jioni kipo YouTube. Huko kwangu si kuhifadhi. Wimbo wa siri ukishakuwa wa kila mtu, nyakanga, mkuu wa makungwi, anabaki na nini cha kumfundisha mwali?

Na zile za hadharani nazo tumezipunguza wenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, akilalamika kwamba tunajua rumba na chachacha lakini ngoma yetu ya gombe sugu hatuijui. Sindimba ya Wamakonde ikapelekwa jukwaa la taifa, ikawa maarufu nchi nzima. Kilichopanda jukwaani lakini kilikuwa kiuno zaidi kuliko wimbo. Kijijini manju anatunga hapohapo: anamsema bwana aliyekula hela za korosho na nyumba ndogo, anamsifu aliyesomesha, anamchoma mwenyekiti wa kijiji, na watu wanaitikia huku wakitazamana. Mtalii haelewi hata neno moja la hayo, basi yakaachwa.

Leo kikundi cha ngoma kinakumbukwa kiongozi anapokuja. Wanaamka alfajiri kukanza ngoma kwenye moto wa nyasi ngozi zikaze, wanasubiri juani mpaka saa nane, wanapewa dakika tano mbele ya jukwaa kuu, kisha soda na fulana. Msanii wa Bongo Fleva kwenye mkutano huohuo analipwa fedha taslimu, na sehemu kubwa ya muziki wake inatoka kwenye kompyuta.

Mtwara angalau tuna tamasha la MaKuya, linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa ngoma zao wenyewe, na watu wanajaa. Kumbe hamu ipo. Redio zetu zingeweza kufanya mengi msimu wa korosho, mnunuzi na muuzaji wote wako hapa na fedha inatembea: saa moja ya ngoma kila wiki, manju aingie studio, alipwe kwa wimbo wake kama tangazo la mbegu linavyolipiwa.

Halmashauri zinatenga fedha za mwenge na za mapokezi; za kumlipa manju hazishindwi. Wabunge wetu, mkisimama tena kumdai mjusi, ombeni na nakala za zile silinda. Barua ni ileile, anwani ni mji uleule.