Piga Windows, Mzee Wangu

Imeganda tena. Nimefika jina la thelathini na saba kwenye orodha ya michango ya harusi, jina lenyewe la shemeji aliyeahidi laki mbili akatoa elfu ishirini, mashine ikasimama. Kishale kimetulia katikati ya skrini kama mjusi aliyeona paka. Saa ya pembeni inasoma 22:07, na mpaka sasa naandika haya kwa kalamu, bado ni 22:07.

Mjue kwamba mimi ni katibu wa kamati. Nilichaguliwa kwa kura zote, kwa sababu moja tu: nina kompyuta nyumbani. Kikao kilichopita nilisema "mashine imeganda", mweka hazina akanitazama kama mtu aliyekula hela ya watu.

Na sikukaa bure. Vumbi nimelipuliza kwa pampu ya baiskeli, likatoka na mende wawili wakavu. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, nimezisugua meno kwa ufutio wa mtoto, nikajaribu moja moja. Pesti ya kupoza prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imekauka kama chokaa, nikapaka mpya; joto likashuka, ikaendelea kuganda ikiwa na baridi yake. Mwisho nikachomoa hadi diski kabisa, ndimo inamokaa Windows, ile programu inayoendesha mashine, nikaiwasha nikaingia BIOS, kule kwenye mipangilio ambako Windows haijaamka hata kupiga mswaki. Ikaganda. Sasa mtu ambaye hajafika msibani utamsingiziaje kumaliza pilau?

Jumamosi nikaipeleka Kariakoo. Niliipakata kwenye bodaboda, nimeifunga khanga ya Mama Neema, mpaka mama mmoja kwenye foleni akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii inaganda."

"Windows hiyo."

Khanga haijafunguliwa! Zamani ulikuwa ukienda zahanati na jino linauma unapewa klorokwini. Hawa ni wajukuu wa daktari yule.

"Kijana, nimechomoa diski, ikaganda hivyo hivyo."

"Ndiyo mzee wangu. Virusi vimepanda mpaka kwenye ramu."

"Vimepandaje, na diski ninayo mimi?" Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani taratibu kama wakili anayetoa kielelezo. Akaitazama. Akamtazama muuza soksi wa jirani. Muuza soksi akatikisa kichwa, kunisikitikia mimi.

"Mzee, wewe kompyuta ulisomea wapi?"

"Sikusomea."

"Basi niachie niliyesomea. Elfu kumi na tano, napiga Windows upya, nakuwekea na muvi za kutafsiriwa."

Nikamwomba apime pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine. Akasema mita ya kupimia volti anayo mwenzake, ameenda kula. Hiyo ilikuwa saa tano asubuhi. Saa kumi jioni mwenzake alikuwa bado hajashiba.

Akapiga Windows kwenye diski yake, yangu nikairudisha mfukoni. Ikafika asilimia 63, ikaganda. "Flashi mbovu hii." Akachukua nyingine, ikaganda kwenye 41. Ya tatu, umeme ukakatika mtaa mzima. "Unaona mzee? Umeme!" Akasema kwa furaha ya mtu aliyeponyoka kesi. Kisha akatamka lile neno: "Niachie mpaka kesho."

Niachie! Jirani yangu aliacha ya kwake ikiwa na ramu 8, ikarudi inasoma 4. Alipouliza akaambiwa nyingine imepungua kwa joto. Nikaibeba yangu nikaondoka. Elfu tano ya "kuangalia" nikatoa. Aliangalia nini, sijui, labda aliniangalia mimi.

Jamani, inachosha. Mtu unamweleza fundi ugonjwa ulivyo, umepima, una ushahidi, lakini hasikii kwa sababu dawa aliyonayo ni moja. Na mimi ndiye ninayebaki kuonekana mbishi!

Aliyeuona ugonjwa ni fundi friji wa hapa gengeni. Alikuja na mita yake, akachomeka ncha moja kwenye waya wa njano, nyingine kwenye mweusi. Hapo panatakiwa volti 12, na hata ikipungua isishuke chini ya 11.4. Mashine ikiwa imetulia, sawa. Tukaipa kazi kidogo, ikateremka mpaka 10 na pointi. Akachungulia pawa saplai kwenye matundu kwa tochi ya simu: kapasita tatu, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. (Hicho kiboksi msikifungue wenyewe, kinatunza umeme hata kikiwa kimechomolewa.) "Pawa saplai imechoka. Nunua nyingine." Kazi ya dakika kumi. Hela alikataa. Aliomba tu nimwandikie barua ya mkopo, kwenye kompyuta.

Nyingine wanataka elfu arobaini na tano. Ninayo, lakini imo kwenye bahasha ya mchango wangu, maana jina la thelathini na sita kwenye ile orodha ni la kwangu, nalo lina deni. Basi nawasha, naandika majina manne, naseivu, naomba Mungu.

Halafu Mama Neema anaulizia khanga yake. Ni upande mmoja wa doti, ile mpya ya Idi. Nimekumbuka sasa hivi kwamba niliiacha Kariakoo. Nilipogeuka kuondoka yule kijana alikuwa ameshafunikia printa. Nimemwambia mke wangu iko kwenye kamba. Katoka nje na tochi kuiangalia, usiku huu.