GSU si Jeshi, na Isigeuzwe Jeshi

Kiswahili chetu kimembebesha neno askari kila mtu anayevaa sare. Mwanajeshi wa kambi ya Nyali ni askari, polisi wa trafiki ni askari, mlinzi wa usiku langoni ni askari, na askari kanzu ni yule asiyevaa sare kabisa. Neno hilo limetutosha miaka mingi, lakini tangu Juni 2024 limekuwa likitupotosha. Ukikaa kwenye baraza la kahawa Mji wa Kale, Mombasa, na mazungumzo yakafika kwenye usalama wa nchi, utawasikia watu wazima wenye busara zao wakisema kwamba GSU, kikosi cha polisi wa Kenya cha kutuliza ghasia, na jeshi ni kitu kimoja, na kwamba ikiwa ni lazima mwenye bunduki atolewe barabarani, basi afadhali awe mwanajeshi, mwenye nidhamu, kuliko polisi.

Kauli hizo mbili zinapingana, kwa sababu vitu vikiwa kimoja hakuna kilicho afadhali. Lakini kila moja ina mizizi yake, na haifai kupuuzwa.

Jioni ya Juni 25, 2024, baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi litawasaidia polisi. Bunge la Taifa liliidhinisha hatua hiyo kesho yake, na Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Jaji wa Mahakama Kuu hakuwaondoa wanajeshi, ila aliitaka serikali itangaze ndani ya siku mbili wanajeshi hao watafanya nini hasa, na kwa muda gani. Wengi walilichukua agizo hilo kama mambo ya karatasi. Mimi naliona kuwa ndilo kiini cha suala zima, kwani hakuna jaji anayeuliza polisi wamepelekwa barabarani kwa muda gani. Polisi wako kazini kila siku, ilhali mwanajeshi ni mgeni katika kazi hiyo, na mgeni huulizwa anaondoka lini.

Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinalipa jeshi kazi ya kulinda mipaka na uhuru wa nchi. Kinaliruhusu kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na maafa, na kinalitaka liripoti kwa Bunge la Taifa kila linapofanya hivyo. Ama kurejesha amani mahali palipoingia machafuko, haliwezi kwenda bila idhini ya Bunge hilo. GSU, pamoja na ukali wake wote, ni tawi la Huduma ya Polisi ya Kenya. Kamanda wake anawajibika kwa Inspekta Jenerali, si kwa Mkuu wa Majeshi, na anayekamatwa na afisa wake anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama mshukiwa mwingine yeyote. Wala wasichanganywe na polisi wa jeshi, ambao ni wanajeshi wanaosimamia nidhamu ya wenzao kambini.

Wanaosema tofauti hii ipo vitabuni tu wana ushahidi. Kikosi hicho kilianzishwa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni iliyohitaji polisi wa kupigana. Maafisa wake wanaishi kambini, wanapangwa kwa kombania na platuni, na mwaka 2018, polisi wa kawaida walipopewa sare za buluu, wao walibaki na magwanda ya msituni. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililoanzia katika jeshi la anga, lilipozimwa, GSU walikuwa upande wa serikali pamoja na jeshi la nchi kavu, na tangu hapo wengi wanakiona kikosi hiki kama ngao ya walio madarakani zaidi ya ngao ya raia. Tanzania nako polisi wa kutuliza ghasia, FFU, walipewa na watu wa mtaani maana yao ya herufi hizo: Fanya Fujo Uone. Tena mstari huu haukuchorwa na maumbile. Italia ina Carabinieri, ambao ni jeshi kamili na hapo hapo wanafanya kazi ya polisi, na Ufaransa iliwahamishia askari wake wa Gendarmerie chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2009 bila kuwavua hadhi yao ya kijeshi.

Kwetu Mombasa hoja hiyo ina kovu lake. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, maelfu walikuwa wakingoja feri Likoni ili wafike nyumbani kabla ya saa moja. Watu hao hawakuwa waandamanaji. Walikuwa wametoka kazini, mikononi wana mifuko ya unga na mboga za chakula cha usiku. Polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu, na saa ya kafyu ilikuwa bado haijafika. Anayekumbuka jioni ile simlaumu akiniambia kwamba neno polisi halimtulizi moyo.

Upande wa pili, jeshi la majini tumelijua kwa wema. Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na kuzama na mama na bintiye katika kivuko hicho hicho, Septemba 29, 2019, wapiga mbizi wa jeshi walikuwa miongoni mwa walioshinda majini siku baada ya siku, watu wamejaa ukingoni wakitazama, hadi gari likatolewa Oktoba 11. Kazi ile ilihitaji vyombo na mafunzo ambayo polisi hawana, na ndiyo hasa Katiba inayokusudia inapotaja maafa. Kadhalika msitu wa Boni, kule Lamu, ambako mabomu hutegwa ardhini: doria za kijeshi pale zina sababu yake.

Lakini nadhani tunalipenda jeshi kwa sababu hatukutani nalo. Hatujawahi kusimamishwa nalo usiku tukidaiwa kitambulisho, wala halijaingia vibandani mwetu. Wakazi wa Mlima Elgon walikutana nalo Machi 2008, lilipotumwa kulimaliza kundi la wapiganaji la SLDF. Kundi lilivunjwa, na hilo ni kweli. Yaliyobaki ni madai ya watu kuteswa na kutoweka mikononi mwa vikosi vya usalama, madai yaliyofikishwa hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ambako mwaka 2012 kitengo cha rufani kiliamua kwamba kesi imeletwa nje ya muda. Mwanajeshi hafundishwi kumtenga mshukiwa na jirani yake. Anafundishwa kumshinda adui, na ukimpeleka kijijini atamtafuta adui kijijini.

Hata pale penye risasi za kweli, si lazima jeshi litangulie. Magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, maafisa wa kikosi cha Recce cha GSU walikuwa wameshaingia ndani jeshi lilipofika. Amri zikagongana, afisa wa Recce akauawa kwa risasi za upande wake mwenyewe, polisi wakatoka, na shambulio likaendelea hadi siku ya nne. Watu 67 waliuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, washambuliaji waliingia alfajiri na wanajeshi wa kambi ya mji huo wakafika mapema, lakini jengo lilivamiwa jioni tu, Recce walipowasili baada ya kucheleweshwa na usafiri wa ndege, na baada ya hapo shughuli haikuchukua muda. Waliouawa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi, na kila ninapoisoma tarehe hiyo nazihesabu saa baina ya alfajiri na jioni. Kisha hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, vikosi maalumu vya polisi vilikuwa mbele tangu mwanzo, na shambulio likamalizwa kwa takriban saa 19, watu 21 wakiwa wameuawa. Najua majengo hayalingani, wala washambuliaji, na bila shaka yaliyojiri Westgate yaliwafunza wote. Hata hivyo, kumtoa mateka chumbani akiwa hai, mlango kwa mlango, ni kazi ya polisi mwenye mafunzo makali, na hatuwi na polisi huyo ikiwa kila jambo likizidi tunaita vifaru.

Bahari yetu nayo imeshauonyesha mgawanyo huu. Mwaka 2018 iliundwa Huduma ya Walinzi wa Pwani, yenye makao yake hapa Liwatoni, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mvuvi anayekokota juya lililopigwa marufuku amevunja sheria, lakini si adui wa taifa, na haifai ngalawa yake ifuatwe na manowari.

Linalonifanya nisikubali kwamba tofauti ni ya karatasi ni yale yanayofuata risasi ikishatoka. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aliyetumia nguvu atoe maelezo kwa mkubwa wake mara moja, na iwapo mtu amekufa au ameumia vibaya, mkubwa huyo aiarifu IPOA, mamlaka ya kuwasimamia polisi ambayo si sehemu ya polisi. Kusema niliamriwa si kinga. Mwanajeshi ana sheria zake na mahakama zake za kijeshi, kali kwelikweli, lakini zimeundwa kwanza kwa ajili ya nidhamu ya jeshi. Njia ya polisi nayo ni ndefu na yenye miiba. Mtoto wa miezi sita alipigwa kirungu Kisumu, Agosti 2017, akiwa mikononi mwa mamaye, akafa. Uchunguzi wa hakimu uliwatia makamanda wa polisi lawamani mwaka 2019, na Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza kuwashtaki maafisa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miaka mitano ni mingi mno kwa mzazi. Lakini kulikuwa na hakimu wa kuuliza nani alikuwa kamanda usiku ule, na mamlaka ya kuchunguza. Ukifuta tofauti ya polisi na jeshi, unaifuta njia hiyo kabla haijasafishwa.

Kwa hiyo wanaotaka GSU ivunjwe kazi yake wapewe wanajeshi sikubaliani nao, ingawa hasira zao nazielewa. Ninachokidai ni kidogo na kimeshaandikwa katika Jedwali hilo hilo: kila afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake mahali panapoonekana. Jina hubandikwa kifuani kwenye shati, na fulana ya kuzuia risasi huvaliwa juu yake, ikalifunika. Kabla ya maandamano mengine kupita chini ya matao ya Pembe za Ndovu hapa Mombasa, namba hizo zishonwe juu ya fulana.