Vitambuzi vya Gesi Asilia Vinavyotumia Betri: Kuagiza Vilivyo Tayari au Kuviunda?

Anayetaka kuingiza sokoni kitambuzi cha uvujaji wa gesi asilia kinachotumia betri hukutana mapema na njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza kifaa kilichokamilika kutoka kwa mtengenezaji mwenye vyeti na kukiuza kwa nembo yake mwenyewe. Ya pili ni kununua kihisi (kipuri kinachoihisi gesi), betri na vipuri vingine, kisha kuviunganisha katika karakana yake. Watetezi wa kila njia wana hoja za kweli, ila mjadala wao huishia mara nyingi kwenye gharama ya kifaa kimoja, ilhali jambo la kuamua ni kama kifaa hicho kitapiga kengele katika mwaka wake wa nne, usiku, kikikutana na methani halisi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Maoni yangu ni kwamba kuunganisha wenyewe kunafaa, kwa sharti moja ambalo wengi hulikwepa: uwezo wa kukipima kifaa kwa gesi ujengwe kabla ya uwezo wa kukiunda.

Haja ya kifaa chenyewe haina ubishi. Gesi asilia haina harufu, na harufu inayosikika kwenye mabomba hutiwa makusudi. Desturi hiyo ilipata nguvu ya sheria baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, uliowaua wanafunzi na walimu wapatao 300. Hata hivyo pua hulala pamoja na mwenyewe, huzoea harufu, na wakati mwingine hutoa taarifa isiyofikia mwisho wake. Katika mlipuko wa jengo la makazi huko Silver Spring, Maryland, Agosti 2016, watu 7 walikufa, na wakazi walikuwa wameripoti harufu ya gesi wiki chache kabla. Baada ya uchunguzi, bodi ya Marekani ya usalama wa usafirishaji, ambayo huchunguza pia ajali za mabomba ya gesi, ilipendekeza vitambuzi vya methani viwekwe majumbani.

Kwa nini basi betri, na si umeme wa ukutani? Methani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa, hivyo hupanda juu, na mahali pazuri pa kitambuzi ni ukutani karibu na dari. Soketi za umeme kwa kawaida ziko chini, mahali panapofaa gesi ya mitungi ambayo ni nzito kuliko hewa. Kifaa cha kuchomeka, kikiwekwa pale soketi ilipo, huwa kimewekwa mahali pasipofaa methani, na mwenye nyumba huwa hajui. Kifaa cha betri humwachia fundi uhuru wa kukifunga pale gesi inapokusanyika, karibu na bomba linapoingilia, bila kuchimba ukuta wala kuvuta waya, na huendelea kulinda umeme ukikatika. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa betri, nzito kuliko urahisi wa kufunga ambao matangazo huusifia.

Upande wa pili una hesabu yake, nayo ni ngumu. Kihisi kilichozoeleka zaidi katika vifaa vya nyumbani ni kile cha oksidi ya bati, teknolojia iliyotokana na kazi ya Mjapani Naoyoshi Taguchi katika miaka ya 1960. Ili oksidi hiyo iitambue methani ni lazima ipashwe joto la nyuzi mia kadhaa. Kihisi kidogo cha aina ya kawaida hula takriban miliwati 280 kwa ajili ya hita peke yake, saa zote. Betri mbili za alkalini za umbo la AA hubeba takriban wati-saa 7.5. Gawanya, utapata saa 27 hivi. Kifaa cha namna hiyo kingetaka betri mpya kila siku, na hakuna ustadi wa kuchora saketi unaoweza kukiokoa.

Kilichobadilisha mambo ni vihisi vilivyochongwa juu ya kipande kidogo cha silikoni ya kielektroniki, ambamo hita imetundikwa kwenye utando mwembamba kiasi kwamba hupata moto na kupoa kwa kufumba na kufumbua. Tuseme hita hiyo inakula miliwati 50 lakini inawashwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde kila baada ya sekunde 30. Wastani wake ni miliwati 0.17 tu. Kwa miaka 5, ambayo ni saa 43,800, jumla ni wati-saa 7 na ushei. Betri moja ya lithiamu-thionili kloridi ya umbo la AA hubeba takriban wati-saa 8.6. Ukiongeza matumizi ya mikrokontrola (kompyuta ndogo inayokiendesha kifaa), taa na majaribio ya kengele, betri moja haitoshi na mbili zinatosha. Msambazaji anayekuahidi miaka 5 muulize akuonyeshe hesabu hii kwa kihisi chake. Asiyeweza kuionyesha hana msingi wa ahadi yake.

Pingamizi linalofuata ni kwamba kifaa kinacholala sekunde 30 kati ya vipimo kinaweza kukosa hatari. Hapa wanaopinga betri wanakosea, na namba zinaonyesha. Methani huanza kuwa na uwezo wa kulipuka ikifika takriban asilimia 5 ya hewa. Viwango vya Ulaya hutaka kengele ilie kati ya asilimia 3 na 20 ya mpaka huo wa chini. Kiwango cha Marekani kiitwacho UL 1484 kiliruhusu kwa muda mrefu hadi asilimia 25, na kingine cha huko huko, NFPA 715, kilichofuata baadaye kikasisitiza asilimia 10. Katika chumba cha mita 30 za ujazo, asilimia 10 ya mpaka wa chini ni lita 150 za methani. Uvujaji wa lita 10 kwa dakika, ikiwa gesi inachanganyika sawasawa na hakuna hewa inayotoka, utachukua dakika 15 kufika hapo, na dakika 150 kufika kwenye hatari ya mlipuko. Kuchelewa nusu dakika hakuna uzito mbele ya muda huo. Chenye uzito ni kiwango cha kengele: kifaa kinacholia kwenye asilimia 25 kinangoja lita 375, na mnunuzi anayelinganisha bei bila kusoma mstari huo wa maelezo analinganisha vitu visivyofanana.

Sasa turudi kwenye njia mbili. Kuagiza kifaa kilicho tayari kuna faida ambayo waundaji chipukizi huidharau: cheti. Kupitisha kifaa kwenye maabara inayotambulika huchukua miezi, na kila badiliko la kihisi, saketi au hata matundu ya kasha linaweza kulazimisha majaribio kurudiwa. Mtengenezaji mkubwa amekwisha kulipia gharama hiyo na kuigawanya kwa maelfu ya vifaa. Hasara yake ni kwamba mnunuzi hana mkono katika kinachobadilika ndani. Shehena ya kwanza inaweza kuwa na kihisi kilichoandikwa kwenye cheti, na ya tatu ikawa na kingine cha bei nafuu chenye umbo lilelile, ndani ya kasha lilelile, na hakuna jicho litakaloona tofauti.

Kuunganisha wenyewe huondoa tatizo hilo na kuleta jingine, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtazame fundi mezani akifunga kifuniko cha kasha. Ili vumbi lisipenye, anapaka gundi ya silikoni (ile laini kama mpira, si ile ya kielektroniki) kwenye ukingo, anafuta iliyozidi kwa kidole, anakiweka kifaa kwenye trei na kuchukua kingine. Kazi inaonekana safi. Lakini gundi hiyo inapokauka hutoa mvuke, mvuke unafika kwenye kihisi chenye moto, unaungua na kuacha tabaka la silika, kitu kigumu kama kioo, juu ya uso unaotakiwa kukutana na methani. Kifaa kinaweza kupita jaribio la jioni hiyo, kisha kikaendelea kudhoofika kadiri wiki zinavyopita. Kasha halina alama yoyote ya kosa hilo. Ndiyo maana karakana zinazojua kazi hupiga marufuku bidhaa zote zenye silikoni katika chumba cha kuunganishia, tangu gundi hadi dawa ya kulainisha plastiki na hata mafuta ya mikono.

Kosa la pili ni jaribio la kibiriti cha gesi. Fundi hukisogeza karibu na matundu, hukifinya bila kuwasha, kengele inalia, na kifaa kinatiwa alama ya kupita. Jaribio hilo linathibitisha kwamba kengele inalia na kwamba kihisi hakijafa, basi. Gesi ya kibiriti ni butani, si methani, na huja kwa wingi unaopita mara nyingi kiwango cha kengele, hivyo kifaa kilichopoteza nusu ya wepesi wake bado kitalia. Kipimo cha kweli ni kukiweka kifaa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, kuingiza mchanganyiko wa methani na hewa wa asilimia 0.5 kutoka kwenye mtungi wenye cheti, na kusubiri; kisha kurudia kwa unyevu na joto tofauti, kwa sababu oksidi ya bati huyumbishwa na unyevu; kisha kuingiza mvuke wa kilevi kuona kama kengele italia bila sababu. Kengele za uongo si kero ndogo. Mwenye nyumba akiamshwa mara mbili na manukato ya kunyunyizia, mara ya tatu huchomoa betri, na hapo hana ulinzi wowote.

Betri nayo ina siri yake. Lithiamu-thionili kloridi hutunza nguvu kwa miaka kwa sababu utando mwembamba wa kloridi ya lithiamu hujijenga ndani yake na kuzuia kujimaliza. Utando huohuo, betri ikikaa muda mrefu bila kutumika, husababisha volteji kushuka ghafla pale hita au king'ora kinapodai mkondo mkubwa, na mikrokontrola huweza kujizima na kuanza upya katika sekunde ambayo ilipaswa kupiga kelele. Kapasita, yaani kipuri kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, iliyowekwa sambamba na betri hupunguza tatizo, lakini ni lazima ijaribiwe na betri iliyokaa ghalani, si iliyotoka kiwandani juzi. Pia kila aina ya betri ya lithiamu inayosafirishwa inatakiwa kuwa imepita majaribio ya Umoja wa Mataifa yajulikanayo kama UN 38.3, asiyekuwa na hati hiyo atazuiliwa mzigo kabla hajauza hata kimoja.

Ziko teknolojia nyingine. Vihisi vya kichocheo, vinavyoiunguza gesi ili kuipima, hula nguvu nyingi mno kwa betri ndogo, na vile vya infraredi, vinavyotumia mwanga usioonekana, havidhuriwi na silikoni kama vya oksidi ya bati lakini bado ni ghali. Kwa kifaa cha nyumbani nisingeanzia huko.

Nikipima yote, njia ninayoiona kuwa ya busara iko katikati. Kihisi kinunuliwe kwa mtengenezaji bingwa kikiwa moduli iliyokwisha kusawazishwa kwa methani, kila moja ikiwa na namba yake na kumbukumbu za vipimo vyake. Kasha, saketi, king'ora na programu viundwe wenyewe. Na fedha za kwanza ziende kwenye chumba cha gesi ya kupimia, si kwenye mashine ya kumimina plastiki. Anayeagiza vifaa vilivyo tayari naye hasamehewi gharama hiyo, kwa kuwa chumba hichohicho ndicho pekee kitakachomwonyesha kwamba shehena ya tatu si sawa na ya kwanza. Katika oda ya mwanzo aandike mambo matatu: kihisi kisibadilishwe bila idhini ya maandishi, sampuli kutoka kila shehena zipimwe kwa methani kabla ya malipo ya mwisho, na vifaa kadhaa vibakizwe rafuni vikiwa vimewashwa ili vipimwe tena kila baada ya miezi sita hadi tarehe ya kubadilishwa iliyochapwa mgongoni mwake.