Sorry ya Kopo la Maharage

Mwaka wangu wa kwanza Leeds, mwezi wa Januari, nusura nitiwe ndani kwa kosa la kuwa na adabu.

Nilikuwa supamaketi, nimesimama kwenye vitunguu nabadilisha pauni kuwa shilingi kichwani (maradhi ya kila mgeni, hupona hela zikiisha). Mbele yangu, kama hatua nane hivi, bibi mmoja wa kofia ya sufi akataka kopo la maharage. Makopo yalikuwa yamepangwa mnara. Hakuchukua la juu. Akavuta la chini kabisa. Mnara ukawaza kidogo, kisha ukashuka wote, na kopo moja likamtua kwenye kidole gumba cha mguu.

Mimi nimekulia Tanga. Kwetu mtu akijikwaa, baraza zima limeshasema pole kabla hajafika chini. Nikakimbia na vitunguu vyangu mkononi: "Sorry! Sorry, bibi! Oh, sorry, sorry sana!" Nikainama kuokota makopo. Bibi akanitazama, akatazama kidole, akanitazama tena.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

Mlinzi akafika.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Mbona unaomba msamaha?"

"Si ameumia?"

"Umemuumiza wewe?"

"Hapana."

"Sasa sorry ya nini?"

Nikaona nimemvuruga mtu wa watu akiwa kazini. Nikamwambia, "Sorry."

Akashika redio.

Ofisini meneja alifungua daftari la ajali, akaandika kwamba kijana ameomba radhi mara nne. Nikamsahihisha: tano, ukihesabu ya mlinzi. Nikamweleza taratibu kwamba kwetu kuna pole na kuna samahani, kila moja na kazi yake, ila nyinyi mmetupa neno moja tubebee yote mawili. Akanisogezea sikio: "Sorry?" Yaani hajasikia. Mimi nikamtuliza, nikamwambia asijali, wala si kosa lake.

Kilichoniokoa ni kamera. Waliitazama picha mara tatu: mimi kule na vitunguu, mnara huku unaporomoka. Ya tatu nadhani ilikuwa ya burudani, maana mlinzi alikuwa anafuta machozi.

Usiku nilifungua kamusi, nijue nimekosea wapi. Kumbe sikukosea! "Sorry" imetoka kwenye "sārig" ya Kiingereza cha kale, na hiyo imezaliwa na "sār", maumivu, mama yule yule aliyezaa "sore", neno la kidonda na viungo vinavyouma. Hapo mwanzo "sārig" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni, basi. Kosa halimo, msamaha haumo. Hata "sorrow", ambayo kila mtu huidhania ni ndugu yake wa damu, ni jirani tu; wamekaa pamoja karne nyingi hadi mmoja akamwambukiza mwenzake sauti. Kwa hiyo sorry yangu ya kwenye makopo ingeeleweka vizuri sana kwa mababu wa yule bibi. Wajukuu ndio waliohama. Siku hizi wana sorry ya nipishe, sorry ya sijasikia, na sorry anayokupa mtu uliyemkanyaga wewe. Ile ya pole bado wanayo, ila wameiweka kabatini na vyombo vya wageni, hutoka zaidi kukiwa na msiba.

Tena wana hadi sheria: Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, ya England na Wales, inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Ningeijua mapema, ningemkariria mlinzi pale pale kwenye maharage.

Jumamosi iliyofuata nikarudi duka lile lile, vitunguu havikuwa vimenunuliwa. Nikiwa mlangoni, toroli likanipanda kidole cha mguu, gurudumu zima. Nageuka: kofia ya sufi.

"Oh, sorry!" bibi akasema.

Ulimi wa Tanga haukunisubiri. "Asante, bibi," nikamjibu, "nimeshapoa."

Bibi akanitumbulia macho. Nyuma yake nikamwona mlinzi anapapasa redio.